Purigen na maji ya rangi ya strungi: uzoefu wangu hapa Arusha

Purigen ni chembe za kuweka kwenye filta ya tangi la samaki ili kusafisha maji. Tangi langu ni la lita 120, lipo sebuleni Njiro, lina gapi (samaki wadogo wa rangi), konokono na mimea michache. Katikati kuna gogo la mopani, na hilo gogo silitoi. Mopani ni mti wa kusini mwa Afrika, mzito, unazama wenyewe bila kufungiwa jiwe. Shida ni tanini, ile kemikali ya kahawia inayotoka kwenye mti ukikaa majini. Gogo nililichemsha, nikaliloweka, nikamwaga maji na kuanza upya, na bado lilipoingia tangini maji yaligeuka strungi.

Wengi huogopa wakiona rangi ile. Tanini haziui samaki. Zina asidi kidogo na kwenye maji laini (yenye madini machache) zinaweza kushusha pH, yaani kuyafanya yawe na asidi zaidi, lakini maji mengi ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba baikaboneti nyingi (chumvi za kupunguza asidi), nazo huishikilia pH isiteremke. Kipimo changu hakikusogea. Kilichonikera ni mwanga: maji yakishakuwa ya kahawia taa haifiki chini vizuri, mimea inadumaa, na zile rangi za gapi ambazo ndizo nilizowafugia hazionekani.

Kubadilisha maji kunasaidia, ila gogo nalo linaendelea kutoa. Mkaa wa filta (ule maalumu, siyo wa jikoni, maana wa jikoni hauna vitundu vya kutosha na majivu yake hupandisha pH) ulisafisha vizuri, kisha ukajaa mapema, na ukishajaa ni wa kutupa. Kuna jirani alinishauri mkaa wa mifupa, huu tunaoufahamu kwa kupunguza floraidi kwenye maji ya kunywa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti. Rangi unaondoa kweli, hata viwanda vya sukari viliutumia kwa kazi hiyo. Lakini sehemu kubwa ya mkaa huo ni kalsiamu fosfeti, na fosfeti ni chakula cha mwani. Sikuutaka tangini.

Ndipo nikaagiza Purigen, ya kampuni ya Seachem ya Marekani. Ni chembe ndogo za resini, nyeupe, zinazonasa uchafu wa kikaboni ulioyeyuka, tanini zikiwemo. Nimeiweka kwenye filta baada ya sponji, ili maji yanayoifikia yawe yameshaachia takataka. Ukiiweka mbele inazibwa na uchafu na pesa yako imepotea. Kesho yake tofauti ilionekana, na siku chache baadaye nilikuwa nasoma maandishi ya kopo lililokuwa upande wa pili wa tangi. Nimefurahi sana, sifichi.

Kinachoifanya istahili bei yake ni kwamba inasafishwa na kutumika tena. Chembe zikishakuwa kahawia iliyoiva, unaziloweka kwenye Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) na maji, nusu kwa nusu, saa 24, kwenye chombo cha plastiki, mahali penye hewa na mbali na watoto. Jik iwe ile ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni. Suuza sana, kisha loweka saa 8 kwenye maji yenye dawa nyingi ya kuondoa klorini, suuza tena. Mimi hunusa kabla ya kurudisha: ikibaki harufu ya Jik hata kidogo, inarudi kwenye dawa, kwa sababu klorini itaua samaki na bakteria wazuri wa filta wanaosafisha maji kwa pamoja. Angalia pia dawa unayotumia. Zile zinazodai kulinda ute wa samaki, baadhi yake huiharibu Purigen moja kwa moja.

Ubaya wake ni upatikanaji. Kwenye maduka ya samaki niliyopita hapa mjini sikuikuta, yangu imetoka Nairobi kwa basi la Namanga, na nauli ya mzigo inaongeza bei. Halafu haizuii gogo kutoa tanini, inayanyang'anya maji tu kile kilichokwisha kutoka. Gogo lisilochemshwa litaijaza upesi, kwa hiyo chemsha kwanza.

Kama unafuga neoni tetra au samaki wengine wa maji meusi ya Amazon, hela hii weka mfukoni. Maji ya kahawia ndiyo waliyozoea kwao. Kwa gapi na tangi la mimea, nainunua tena, na pakiti ya pili nimeshaiagiza ili moja ikiwa kwenye Jik nyingine iwe kazini.