Windows 98 na XP kwenye mashine moja: vipuri nilivyopata Dodoma

Kama unataka kompyuta moja ya kucheza gemu za 1998 hadi 2003 hivi, usianze na prosesa wala kadi ya grafiki. Anza na mazabodi, ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote. Mimi nimechukua ya chipset (chipu za kuongoza ubao) ya Intel 865, soketi 478 (tundu la prosesa za Pentium 4), ndani ya kompyuta ya ofisini ya mtumba kutoka duka moja karibu na soko la Majengo. Nilitoa shilingi 60,000 bila skrini, na mpaka leo nasema ni hela iliyokwenda mahali pake.

Sababu ni hii: XP haina makuu, vifaa vingi vya miaka ile inavikubali. Mwenye kuchagua ni 98. Ukichukua mazabodi mpya zaidi, zile zenye nafasi mpya ya kadi iitwayo PCI Express, draiva za 98 zinakuwa shida kuzipata. Ukichukua ya zamani zaidi, upande wa XP unakosa nguvu. Intel 865 ilitoka 2003 na iko katikati kabisa: ina draiva za mifumo yote miwili, ina nafasi ya AGP (ya kadi za grafiki za enzi ile), inatumia ramu ya DDR ambayo mafundi bado wanayo kwenye madroo.

Mzee wa duka alinitolea kwanza mashine nyingine, safi kwa nje. Nikaomba kufungua. Pembeni ya prosesa kulikuwa na kapasita ndefu zilizopangwa mstari, vichwa vimevimba, na moja imetoa ukoko wa kahawia juu. "Mwanangu, hiyo inawaka," akaniambia, na kweli akaiwasha ikawaka. Nikamwambia, "Inawaka mzee, lakini hizi kapasita zimekwisha." Hakubisha, akaenda stoo kuleta nyingine. Mazabodi nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita zenye kemikali mbovu, kwa hiyo kuwaka dukani si ushahidi. Fungua, angalia vichwa viwe bapa. Mzee huyu anakuacha ufungue na kukagua kwa nafasi yako, na hilo peke yake linanifanya nimpe alama za juu.

Kwenye prosesa, futa ile pesti uone maandishi. Yangu imeandikwa 2.8GHZ/512/800, maana yake ni Northwood, toleo la Pentium 4. Ukikuta 1M mahali pa 512, hiyo ni Prescott: inafanya kazi, ila inachemka zaidi. Kwa vumbi letu la kiangazi, upepo ukianza kuvuma feni inajaa haraka, na prosesa inayochemka utaijutia. Chukua Northwood.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyonisumbua. Nilitamani GeForce4 Ti 4200, sikuipata Dodoma. Nikachukua GeForce FX 5200 kwa 25,000, na nitaitetea. Wengi wanaidharau, na kwa gemu za 2004 na kuendelea wana haki, inakohoa. Lakini kwa 98 ni nzuri sana. Draiva zake zipo, na bado inasoma tekscha za paleti za biti 8 (picha za rangi 256 zinazobandikwa kwenye vitu vya gemu), kitu ambacho familia ya GeForce 6 ilikiacha. Final Fantasy VII ya kompyuta, ya 1998, inahitaji hicho. Halafu yangu haina feni, ina bati la kupoozea tu, kwa hiyo vumbi halina cha kuziba. Ila kuna FX 5200 za aina mbili, na muuzaji hatakuambia. Geuza kadi uhesabu vidude vyeusi vya memori: vikiwa vinane, vinne mbele na vinne nyuma, kwa kawaida hiyo ni ya biti 128 (njia pana ya memori, yenye kasi zaidi), chukua. Vikiwa vinne tu, mara nyingi ni ya biti 64, iache hata kwa bei ya bure.

Sauti: kadi ya Sound Blaster Live!, ya nafasi ya PCI. Usikubali kubaki na sauti ya kwenye mazabodi. Gemu kama Thief, ya 1998, unaicheza kwa masikio; mlinzi akitoka chumba cha mawe kwenda kwenye zulia, unamsikia. Tangu Vista ilipoingia 2007, Windows ilikata njia ile ya zamani ambayo EAX, teknolojia ya mwangwi ya Sound Blaster, ilikuwa inapitia, ndiyo maana kompyuta mpya haikupi mwangwi ule hivi hivi.

Ramu weka MB 512, basi. Ukizidisha, 98 inaanza kugoma mpaka uchezee faili la system.ini. Diski kuu yangu ni ya IDE, ile ya waya mpana wa zamani, GB 80. Usivuke GB 137, kwa sababu 98 haijui kuhesabu zaidi ya hapo na inaweza kuharibu data.

Wakati wa kupiga Windows, 98 inatangulia, kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya kwanza ya FAT32, mpangilio wa mafaili ambao 98 inausoma. XP inafuata kwenye ya pili, na yenyewe inatengeneza menyu ya kuchagua ukiwasha. Mimi nimeongeza patisheni ya tatu, FAT32 pia, ya gemu. Hiyo imeniokoa sana: 98 haisomi flashi mpaka uiwekee draiva, kwa hiyo naingia XP, namwaga mafaili kwenye patisheni ya tatu, narudi 98 nayakuta.

Kitu cha mwisho kununua, ila usikiache, ni UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika ghafla, NTFS, mpangilio wa mafaili wa XP, ina kumbukumbu ya kujirekebisha, FAT32 haina. Ukiwasha tena 98 unakutana na ScanDisk, programu ya kukagua diski, na siku nyingine faili la sevu limekwenda. UPS ndogo ya mtumba inatosha, mradi betri yake iwe mpya; mzee anazo, lakini mwambie aijaribu mbele yako huku mashine imewaka.