Maporomoko ya Ngare Sero, Ziwa Natron: nendeni asubuhi jamani

Nimetoka huko juzi na mdogo wangu, tulitokea Mto wa Mbu, barabara ni vumbi na mawe zaidi ya kilomita 100 yani mgongo ujiandae, na mageti ya ushuru njiani sio moja, wekeni hela pembeni kabisa.

Kwenye maporomoko huendi kwa gari ukashuka ukapiga picha ukaondoka. Unaingia korongoni kwa miguu unaupanda mto wenyewe, unavuka huku unavuka kule, sehemu nyingine maji yanafika mapajani na yanasukuma kweli. Guide wetu, kijana wa Kimaasai wa pale pale kijijini, alivaa katambuga zake na hakuteleza hata mara moja. Mdogo wangu alipokwama katikati ya mto kijana akamshika kifundo cha mkono, akasema dada kiganja kikilowa kinaponyoka. Huyo kijana namsifia sana. Kandambili acheni gesti, yale mawe ni ya volkano, makali, vaa kiatu cha kufunga.

Ukifika mwisho sasa! Maji yanachomoza kwenye ukuta wa mwamba katikati ya miti inayofanana na minazi, yanamwagika kama mtu kafungua mabomba mia, nilikaa chini yake yakanipiga mabega mpaka uchovu wa safari wote ukaisha. Na ni maji baridi matamu, yasiyo na chumvi, wakati yanakoenda ni Natron kwenye magadi ambako flamingo wanazalia.

Ukitoka korongoni unakutana na Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, umesimama peke yake. Ule mlima ndio pekee duniani unaotoa lava ya magadi, inatoka nyeusi inatiririka kama oili chafu ya gari, ikikaa siku chache inageuka nyeupe. Mlipuko mkubwa ulikuwa 2007, wazee pale wanaukumbuka vizuri.

Kilichoniudhi ni waliotupangia safari, walituanzisha saa sita mchana, lile joto la Natron linachoma hatari, mdogo wangu alianza kuumwa kichwa kabla hata ya kugusa maji. Ombeni kuanza saa moja asubuhi, msikubali vinginevyo.

Maporomoko nyota 5, mpangilio nyota 2. Mwezi wa sita narudi na mama, yeye magoti hayamruhusu kufika juu ila kuna kidimbwi pale mwanzoni kina kivuli, nishamchagulia jiwe la kukalia.