Sherlock Holmes wa kusikiliza: anza na zile fupi

Kama unataka kujaribu vitabu vya sauti na hujui uanze na nini, mi nasema anza na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, tena usianze na riwaya zake, anza na hadithi fupi. Ziko 56, nyingi zinaisha ndani ya saa moja hivi, unabonyeza ukianza kuosha vyombo na ukimaliza kupiga pasi mwizi ashajulikana.

Hizi zinanoga masikioni kwa sababu zimeandikwa kama mtu anakupigia stori. Watson, rafiki yake Holmes, ndo msimulizi, mteja anabisha hodi, anakaa kitini, anamwaga shida zake mwanzo mpaka mwisho, Holmes anauliza maswali mawili matatu ya ajabu, basi kazi inaanza. Watu wachache, hupotei. Sasa Agatha Christie, mwandishi mwingine wa hadithi za upelelezi, nampenda sana lakini chukua The Mysterious Affair at Styles, kile cha kwanza cha mpelelezi wake Mbelgiji, Poirot, cha 1920, nyumba imejaa watu na kitabu chenyewe kina michoro ya vyumba, nani kalala wapi, mlango upi unatokea wapi. Kwenye sauti mchoro huuoni, unabaki kurudisha nyuma sekunde 15, tena 15, mpaka unachoka. Hicho kisome kwa macho kwanza.

Ila kinachoamua kila kitu ni msomaji, yule anayekusomea kwenye rekodi. Kuna A Scandal in Bohemia ya 1891 (naharibu uhondo kidogo ila imepita miaka zaidi ya 130 jamani). Usiku, Holmes yuko mlangoni kwake anatafuta ufunguo, kijana mmoja mwembamba anapita anamtakia usiku mwema kwa jina, Holmes anabaki anasema hii sauti nshawahi kuisikia. Kumbe ni Irene Adler, yule mwanamke anayemchunguza, kavaa kiume. Kwenye karatasi unapita tu, lakini msomaji afanyeje? Akitumia sauti ileile ya Irene kashakwambia siri, akiweka dume kabisa kakudanganya. Wazuri wanaitupa haraka haraka kwa chini, inapita, baadae ndo unashtuka. Rekodi yoyote mpya nikiipata naenda hapo kwanza, ikifeli hapo naifuta.

Kuhusu hela, LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti, ni bure kabisa, wapo tangu 2005, wanasoma watu wa kujitolea na vitabu ni vile ambavyo hakimiliki yake imeisha Marekani. Kitabu kimoja unaweza kukuta matoleo kadhaa kwahiyo chagua lile la msomaji mmoja mwanzo mwisho, maana kuna mengine kila sura na mtu wake, unamzoea Watson mzee wa taratibu sura inayofuata anakuja mwingine anakimbia. Isipokuwa The Moonstone ya Wilkie Collins (1868), hiyo imeandikwa yenyewe kwa kupokezana, mtumishi mzee anasimulia halafu anakuja mama mlokole mmoja anachekesha balaa, sauti nyingi zinaipendezesha.

Ukitaka kulipia, Stephen Fry alisoma Holmes yote kwa ajili ya Audible, wanaouza vitabu vya sauti mtandaoni, ilitoka 2017, ni kama saa 72. Hao wazee wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, anawapa kila mmoja kiburi chake, hachoshi. Na kwa Poirot mtafute Hugh Fraser, yule aliyeigiza Hastings, rafiki yake Poirot, kwenye tamthilia ya TV, kasoma vingi na lafudhi ya Kibelgiji haizidishi, kuna wasomaji wanaizidisha mpaka huelewi Poirot kasema nini na ushahidi wenyewe umo humohumo kwenye sentensi.

Spidi usiongeze. Najua wengi mnasikiliza kwa moja na nusu, kwa hadithi za hivi dalili inatajwa mara moja tu katikati ya maelezo ya kapeti, na Kiingereza chenyewe cha karne ya 19, itakupita.

Riwaya ukizifikia, The Hound of the Baskervilles ndo tamu kuliko zote. A Study in Scarlet ya 1887 nakuonya mapema, katikati Holmes anapotea ghafla na unajikuta jangwani Marekani na Wamormoni, watu wa dini moja ya huko, utadhani simu imeruka kitabu kingine. Haijaruka. Vumilia sura tano, Watson anarudi ya sita.