TAHADHARI: Mifumo ya duka na shule inayouzwa huku majina ya waandishi yamefutwa

Wadau wenye maduka, shule na zahanati, kuweni macho. Kuna wauzaji wa mifumo wanaochukua programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya ndani ya programu) uko wazi kwa wote, wanafuta majina ya walioiandika, wanabandika nembo yao, kisha wanakuambia: "Tumeitengeneza wenyewe, msimbo ni siri ya kampuni."

Kuuza si kosa. Leseni za GPL, MIT na Apache, zinazotumiwa sana na programu huria, zote zinaruhusu kutoza pesa, na fundi anayekufungia mfumo huria na kuuhudumia anastahili malipo yake. Kosa ni kufuta. MIT ina sharti moja tu: notisi ya hakimiliki na maandishi ya leseni viwemo katika kila nakala. Apache 2.0 inataka pia faili la NOTICE, kama lipo, liende pamoja na programu, na mafaili yaliyoguswa yaonyeshe kwamba yamebadilishwa. Kwa GPL, anayekupa programu lazima akupatie na msimbo wake chanzo, kwa hiyo hiyo "siri ya kampuni" haipo. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, kwamba kupuuza masharti ya aina hii kunaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Programu yenyewe ilikuwa ya kuendeshea treni za kuchezea.

Mnunuzi unaumia vipi? Ukifichwa jina na toleo la programu, siku tundu la usalama likitangazwa hutajua kama linakuhusu, na muuzaji akiacha kupokea simu, fundi mwingine hana pa kuanzia. Kisheria, GPL inakulinda: leseni yako haifi kwa kosa la aliyekuuzia. Ila ukinunua "haki ya kuuza tena" ukagawa nakala zilizofutwa notisi, kosa hilo ni lako.

Kagua kabla ya kulipa. Omba folda nzima, tafuta LICENSE, COPYING, NOTICE na AUTHORS, kisha endesha amri ya kutafuta maneno, grep -ri "copyright" . (pamoja na nukta hiyo), ndani yake. Matapeli hufuta faili la juu wakasahau folda za vendor na node_modules, zinakowekwa programu saidizi za watu wengine, au maoni yanayoanza na /*! kwenye mafaili ya JavaScript yaliyobanwa. Wakisafisha hata huko, chukua ujumbe wa kosa wenye maneno ya ajabu ajabu, uweke kwenye alama za nukuu, utafute intaneti. Mara nyingi mradi halisi hujitokeza hapo hapo. Mwongozo wa mtumiaji ufanyie hivyo hivyo: matini yenye CC BY-SA, leseni huria ya maandishi na kazi nyingine, lazima itaje mwandishi, leseni na mabadiliko, na toleo lake lililobadilishwa haliwezi kufungiwa kwa "haki zote zimehifadhiwa".

Ukikuta kasoro, mwandikie muuzaji arudishe notisi zote na akupe msimbo, na uwajulishe wenye mradi, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kudai hakimiliki yao. Chini ya GPLv3, yaani toleo la tatu la GPL, anayekosea mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu mwenye hakimiliki amjulishe, haki zake zinarudi. GPLv2 haina muda huo: haki yake ya kusambaza inakoma pale pale anapovunja sharti. Kwenye mkataba dai orodha ya kila programu huria iliyomo, toleo lake na leseni yake. Akikataa kuiandika, usitoe hata malipo ya awali.