Uzoefu wangu na spana ya toki kwenye breki za Volkswagen Beetle

Ninatunza Volkswagen Beetle ya mwaka 1966 hapa Mtwara, na kwa kazi za breki zake nimekuwa nikitumia spana ya toki ya nusu inchi (upana wa kichwa kinachoshika soketi), ile inayolia "tiki" mkazo uliopangwa unapofikiwa. Inapima kuanzia Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 40 hadi 210. Kwa bolti za magurudumu sina malalamiko nayo.

Shida iko kwenye dramu za breki za nyuma. Kila moja hushikwa na nati ya milimita 36, ambayo kitabu cha gari hili kinataka ikazwe kwa futi-pauni 217, sawa na mkg (mita-kilo) 30 au karibu Nm 294, na spana yangu haifiki huko. Mafundi wengi huikaza kwa bomba refu mpaka mkono uridhike. Mimi siafiki, kwa kuwa nati ikilegea meno ya dramu husagana na ya ekseli hadi dramu inakuwa ya kutupwa. Niliazima spana kubwa kwenye gereji ya malori, ambayo msimu wa korosho, kusema kweli, hawaitoi kwa urahisi. Asiyeipata apige hesabu: mtu wa kilo 75 akisimama juu ya bomba lililo mlalo, sentimita 40 kutoka katikati ya nati, anatoa mkg 30. Tundu la pini inayozuia nati isilegee lisipolingana, endelea kukaza hadi linalofuata, wala usirudishe nyuma.

Chini ya Nm 40 nako spana yangu ya nusu inchi haisaidii, na bolti inayoshika silinda ya gurudumu kwa kawaida hutaka pungufu ya hapo, hivyo nililazimika kununua nyingine ndogo ya thumuni tatu za inchi, yaani ya 3/8.

Jambo ambalo muuzaji hakunieleza ni hali ya nyuzi za bolti. Upepo wa bahari huku kwetu huzitia kutu upesi, na kutu hufanya spana ilie kabla bolti haijabana vilivyo. Ukipaka oili, kinyume chake, bolti huvutika kupita kiasi kwa kipimo kilekile. Ninazisugua kwa brashi ya waya na kuzifunga zikiwa kavu, isipokuwa pale kitabu kinapoagiza vingine.

Kwa mwenye Beetle, ningeshauri anunue kwanza hiyo ndogo, kisha ya nusu inchi, na ile ya nati kubwa aazime.