Ukurasa wa P16615 katika UniProt: tathmini kwa wanaofuatilia ugonjwa wa Darier

UniProt ni kanzidata ya protini inayotumiwa bila malipo na kuendeshwa kwa ubia wa taasisi za Uingereza, Uswisi na Marekani. Hapa ninapima ukurasa wake mmoja tu, wenye namba P16615, unaoeleza protini ya SERCA2. Protini hiyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya ATP2A2, ambayo mwaka 1999 ilibainika kuwa chanzo cha ugonjwa wa Darier, maradhi ya kurithi yanayoleta vipele vya kahawia vyenye magamba kifuani, shingoni na nyuma ya masikio, na ambayo huzidi wakati wa joto na jasho.

Nguvu ya ukurasa huu iko katika kuonyesha mahali. Anayesikia “protini ya utando” hufikiria haraka utando wa nje wa seli, kumbe SERCA2 imekaa katika utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vifuko ndani ya seli unaohifadhi kalsiamu), inaukatiza mara 10 au 11 kulingana na umbo lake, na kazi yake ni kusukuma kalsiamu iingie humo. Jedwali linataja kila kipande kinachokatiza utando kinaanzia na kuishia asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya ngapi, kati ya 1042 za umbo lake refu. Kwa hiyo mwenye majibu ya maabara ya kipimo cha jeni anaweza kuona kama badiliko lake limeangukia katika mojawapo ya vipande hivyo, au karibu na asidi amino ya 351, inayopokea fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na bila hiyo pampu haifanyi kazi. Taarifa nyingi zimeambatanishwa na utafiti zilikotoka, jambo ninalolithamini kuliko michoro yote.

Sehemu ya magonjwa ndiyo inayohitaji tahadhari. Orodha iliyoandaliwa na wahariri imejaa zaidi mabadiliko ya asidi amino moja kuwa nyingine, ilhali wagonjwa wengi wana mabadiliko yanayoikata protini kabla haijakamilika. Anayekosa lake hapo asidhani kwamba halina madhara, bali atazame pia ClinVar, kanzidata ya wazi ya mabadiliko ya jeni na athari zake kiafya. Maelezo ya ugonjwa wenyewe ni mafupi mno. Msomaji hatapata picha kamili ya jinsi upungufu wa kalsiamu ndani ya retikulamu hiyo unavyodhoofisha desmosomu, zile pingu zinazoshikanisha seli za ngozi, hadi seli zikaachana. Wala hataonywa ipasavyo kwamba ndugu wawili wenye badiliko lilelile wanaweza kuugua kwa viwango tofauti kabisa, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo swali la kwanza la mgonjwa yeyote.

Lugha ni Kiingereza cha wataalamu, kisicho na huruma kwa mgeni. Kwa mwanafunzi wa baiolojia au mfanyakazi wa maabara ninaupendekeza bila kusita. Mgonjwa ausome pamoja na mshauri wa jenetiki.

Katika kutafuta, chagua ingizo la binadamu lililopitiwa na wahariri, kwa kuwa jina la jeni peke yake huleta pia protini za panya na nyingine ambazo hazijahakikiwa. Mwenye ugonjwa wa Hailey-Hailey, unaofanana na Darier kiasi cha kuchanganywa nao, asipoteze muda hapa: jeni yake ni ATP2C1, pampu yake imo katika Golgi, sehemu nyingine ya ndani ya seli, na ukurasa wake ni P98194.