NetLogo na swali la kujitolea: tathmini ya kiigizo kimoja

NetLogo ni programu ya bure ya kuundia viigizo vya kompyuta, iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999. Tathmini hii inahusu kiigizo kimoja tu cha maktaba yake, kiitwacho Altruism, ambacho nakitumia katika masomo ya ziada ya biolojia hapa Kisauni, Mombasa. Kikishapakuliwa hakihitaji intaneti, jambo ambalo mwalimu anayenunua bando kwa pesa zake atalithamini.

Kwenye kioo viraka vya waridi ni viumbe wanaojitolea, vya kijani ni wabinafsi, na vyeusi ni nafasi tupu. Anayejitolea hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzaa, na faida huwafikia yeye na majirani wanne wanaomgusa, wawe wema au wasiwe. Kisha nafasi hugombewa na hao watano kwa bahati nasibu inayompendelea aliyefanikiwa zaidi. Maradhi na ukali wa mazingira vikiwekwa sifuri, kijani hushinda. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya mwanabiolojia Hamilton ya 1964, kwamba kujitolea husambaa pale faida ikizidishwa kwa kiwango cha udugu inapozidi gharama, hushangaa, kwa kuwa majirani hapa ni jamaa: watoto hubaki kando ya wazazi wao.

Hapo ndipo kiigizo kinapostahili sifa. Mwaka 1992 Peter Taylor alionyesha kihesabu kwamba jamaa kukaa pamoja hakutoshi, kwani ukaribu unaowawezesha kusaidiana ndio huohuo unaowafanya wagombee nafasi, na katika hali sahili athari hizo mbili hufutana. Mwenyeji wa Kibokoni hahitaji hesabu kulielewa hilo: ndugu wenye maduka ya vitambaa katika uchochoro mmoja wakipelekeana wateja, anayemnunulia huyu amemkosesha yule. Ukiongeza maradhi na ukali, viraka vyeusi huzuka, na mafungu ya waridi hupata pa kutanukia badala ya kubanana yenyewe kwa yenyewe, ilhali wabinafsi waliozungukwa na wabinafsi wenzao hushindwa kuzijaza nafasi hizo. Hoja hiyo ni ya Joshua Mitteldorf na David Sloan Wilson, walioichapisha mwaka 2000, na sijaona ubao wala chaki ikiieleza vizuri hivi.

Maelezo ya kiigizo ni ya Kiingereza, nami hulazimika kuyafasiri. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba viumbe hawahami na majirani hawazidi wanne. Kanuni ya Ohtsuki na wenzake ya 2006, kwamba katika mitandao ya aina fulani, yaani mipangilio ya nani ni jirani wa nani, faida ikigawanywa kwa gharama sharti izidi wastani wa idadi ya majirani, haiwezi kujaribiwa humu bila kuandika msimbo upya. Kwa darasa la sekondari hilo si neno. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye aanze kwa kuusoma msimbo uliopo, ambao ni mfupi na uko wazi kwa yeyote kuubadilisha.